KUPIMA NYAYA ZA UMEME KABLA YA KUPIGA LIPU

Watu wengi hudhani kwamba taa ikiwaka, basi kazi ya fundi wa umeme imekwisha, tena imekwisha vizuri. Mwenye nyumba hubonyeza swichi, globu huwaka, hufurahi, hulipa fedha. Lakini taa kuwaka ni ushahidi wa jambo moja tu, yaani kwamba umeme umepata njia ya kwenda kwenye globu na njia ya kurudi. Haituambii kama umeme huo umepata na njia nyingine zisizotakiwa, wala haituambii kama ule waya wa tatu, waya wa ethi, umefika mahali pake. Waya wa ethi ukiwa umekatika, taa itawaka vile vile, pasi itapata moto vile vile, na redio itaimba vile vile. Upungufu wake hujulikana siku mtu anapokamatwa na umeme.

Muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Tatu walipata bahati ya kutazama kazi ya kupima nyaya ikifanywa katika bweni jipya, lile la vyumba vinane nyuma ya jiko. Fundi wa umeme, mwenye leseni (hapa Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA), alitukubalia tusimame karibu na kuuliza maswali, kwa sharti kwamba hatutagusa kitu. Nimeombwa niliandike somo lile kwa faida ya wale ambao hawakuwapo, na kwa faida ya wazazi pia, maana wengi wao wanajenga au watajenga.

Kwanza tukumbushane. Umeme wa nyumbani hapa kwetu ni wa volti 230. Waya wa moto huuleta, waya wa nyutro huurudisha, na waya wa ethi hauna kazi siku zote ila kungoja. Waya huo huunganishwa na kila kitu cha chuma ambacho huenda kikashikwa na umeme na ambacho mkono wa mtu waweza kukigusa: kiboksi cha swichi, mwili wa pasi, mwili wa jokofu, na mwisho wake huingia ardhini kwa fimbo ya shaba. Siku waya wa moto ukichubuka na kugusa chuma, waya wa ethi huuchukua umeme ule na kuupeleka ardhini, na chombo cha kukata umeme hujikata. Zamani rangi zilikuwa nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, na kijani kwa ethi. Nyaya za siku hizi ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano kwa ethi. Nyumba iliyoongezwa vyumba yaweza kuwa na rangi za aina zote mbili, na humo fundi asiyepima hubahatisha tu.

Nyaya za bweni letu si zile za kuvutwa ndani ya paipu. Ni nyaya bapa, tatu katika ganda moja, zilizopigwa ukutani kwa vibanio na kufunikwa kwa ukanda wa plastiki, tayari kuzikwa chini ya lipu. Mimi binafsi ningalipenda paipu, maana waya wa ndani ya paipu ukiharibika huvutwa ukatoka na mwingine ukatiwa. Lakini paipu huongeza gharama, na fedha zilikuwa zimekwisha pangwa. Waya uliozikwa ukigunduliwa kuwa mbaya baada ya ukuta kupakwa rangi, dawa yake ni nyundo na patasi. Kwa hiyo wakati wa kuupima ni pale ukuta ungali matofali matupu, na waya waonekana kutoka mwanzo hadi mwisho.

Siku ile mafundi wa lipu walikuwa wamekwisha fika. Mchanga ulikuwa umechekechwa, na mifuko ya saruji imepangwa kivulini. Watu hawa hulipwa kwa ukuta wanaoumaliza, si kwa siku, basi kila saa ya kungoja ni hasara yao. Mzee wao alikuja mara mbili kuuliza kama aanze chumba cha kwanza. Nami nilijua kwamba wazazi wamekwisha andikiwa barua ya siku ya kufungua bweni. Haraka ilikuwa ya kila mtu.

Fundi wa umeme alifungua sanduku lake akatoa vyombo viwili. Testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ambayo kila mtu anaijua, aliiacha sandukuni, akasema kwamba testa hujaribu kuonyesha kama umeme upo, na hata katika hilo si shahidi wa kutegemewa. Chombo cha kwanza alichotoa hupima ukinzani mdogo sana, wa sehemu za omu moja. Cha pili hupima ukinzani mkubwa sana, wa mamilioni ya omu, yaani megaomu. Neno omu tumelipata katika jina la Georg Simon Ohm, ambaye alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Köln, Ujerumani, alipofanya majaribio yake, akayatoa katika kitabu mwaka 1827. Wanafunzi wanaolalamika kwamba vyombo vya maabara yetu ni vichache wajue kwamba mwalimu yule alijitengenezea vya kwake.

Chombo cha pili kilikuwa cha aina ya zamani, chenye mkono wa kuzungusha. Mwingereza Sydney Evershed ndiye aliyetengeneza chombo cha namna hii mwaka 1889, na jina la biashara la Megger likafuata baadaye. Mpaka leo mafundi wengi huita kila chombo cha kazi hii kwa jina hilo, hata kikiwa cha betri na kimetengenezwa na watu wengine. Ukizungusha mkono wake, hutoa volti 500. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tusitumie maltimita ya maabara, ambayo nayo hupima ukinzani. Swali lilikuwa zuri. Maltimita hupima kwa betri ndogo ya volti chache. Mtungi wenye ufa mwembamba, ukitia maji ya kikombe kimoja hauvuji. Ujaze hadi shingoni ndipo utakapoona sakafu imelowa. Ganda la waya ni kama mtungi ule. Huenda likazuia volti 9 bila taabu, nalo lisiweze kuzuia 230. Basi hupimwa kwa volti 500, zaidi ya zile litakazobeba maishani mwake, ili ufa ujionyeshe mapema.

Sasa nitaeleza lililotokea, kwa sababu ndilo lililotufundisha zaidi kuliko maelezo yote.

Msaidizi wa fundi, kijana mwepesi wa kazi, aliona mafundi wa lipu wanangoja, naye akataka kuwapunguzia muda. Fundi alipokuwa nje akitazama mahali pa fimbo ya ethi, kijana alichukua kile chombo cha mkono akaanza na saketi ya taa. Alifanya vizuri yote anayopaswa kufanya. Swichi zilikuwa hazijafungwa bado, basi alikuwa ameunganisha kwa muda ncha mbili za kila waya wa swichi ili na kipande kile kipimwe. Globu hazikuwapo. (Zingekuwapo angezitoa, maana globu huunganisha waya wa moto na nyutro, na kipimo kingesema kuna hitilafu pasipo hitilafu, tena globu za LED zina vifaa ndani ambavyo volti 500 huviua.) Kwenye mwanzo wa saketi, mahali bodi itakapofungwa, aliunganisha waya wa moto na nyutro pamoja, akaweka ncha moja ya chombo hapo, na ncha ya pili kwenye waya wa ethi. Akazungusha. Mshale ukaenda mpaka mwisho wa kipimo. Maana yake ni kwamba hakuna umeme unaovuja kutoka kwenye nyaya kwenda kwenye ethi. Kanuni za kimataifa za IEC hutaka ukinzani huo usipungue megaomu 1, na waya mpya mzuri huonyesha mamia. Kijana akatikisa kichwa kwa furaha, na Mzee wa lipu akachukua karai lake.

Fundi akaingia. Akauliza, "Umepima nini?"

"Ganda, Fundi. Saketi ya taa ni safi kabisa."

"Ethi umeipima?"

"Bado, Fundi."

"Basi hujapima kitu. Mzee, tuwie radhi, weka karai chini kidogo."

Sisi tuliokuwa tukitazama hatukuelewa. Mshale ulikuwa umekwenda mwisho. Kuna kupita hapo? Fundi hakueleza, alichukua kile chombo cha kwanza. Pale mwanzo wa saketi akaunganisha waya wa moto na waya wa ethi, nyutro akaiacha peke yake. Kisha akaenda chumba kwa chumba, akipima kwenye kiboksi cha swichi kati ya waya wa moto na chuma cha kiboksi chenyewe. Njia ya umeme katika kipimo hiki yatoka kwenye chombo, inarudi kwa waya wa moto mpaka mwanzo, inavuka, inakuja kwa waya wa ethi mpaka kwenye kiboksi. Njia ikiwa nzima, chombo huonyesha ukinzani wa shaba tu.

Ukinzani huo twaweza kuuhesabu kabla ya kupima, na hili ndilo jambo lililonipendeza kuliko yote. Mita moja ya waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 ina ukinzani wa omu 0.0121. Mita moja ya waya wa milimita mraba 1 ina omu 0.0181. Katika nyaya zetu bapa za taa, waya wa moto ni wa 1.5 na waya wa ethi ni wa 1. Kutoka mwanzo wa saketi hadi swichi ya chumba cha nne ni mita 23. Basi:

23 × 0.0121 = 0.28
23 × 0.0181 = 0.42

Jumla ni omu 0.70 hivi. Chombo kilionyesha 0.7. Chumba cha kwanza kilikuwa kimeonyesha 0.3, cha pili na cha tatu vikapanda kidogo kidogo, kama inavyopasa waya unaporefuka. Wanafunzi walikuwa wameanza kutabiri namba kabla ya fundi kuisoma, na walikuwa wakipatia.

Chumba cha tano walitabiri 0.8. Chombo hakikuonyesha kitu. Njia haipo. Cha sita hivyo hivyo, cha saba na cha nane vivyo hivyo.

Fundi alipanda ngazi akafungua kiboksi cha juu kati ya chumba cha nne na cha tano, mahali nyaya zinapounganishwa. Waya wa moto ulikuwa chini ya skrubu yake, nyutro chini ya skrubu yake. Waya wa ethi wa kwenda mbele ulikuwa umekunjwa nyuma ya kiungo, haukutiwa kamwe. Aliyeufunga alikuwa amechoka, au aliitwa akale, nani ajuaye. Taa zote nane zingaliwaka. Viboksi vinne vya chuma, katika vyumba vinne vya watoto wa watu, visingalikuwa na ethi.

Waya ukatiwa mahali pake, skrubu ikakazwa, na vipimo vikarudiwa: chumba cha tano 0.8, cha nane 1.2. Vema. Mzee wa lipu akainuka tena.

"Bado," fundi akamwambia. Akampa kijana chombo cha mkono. "Pima ganda upya."

Kijana akazungusha. Mshale ule ule uliokwenda mwisho wa kipimo robo saa iliyopita sasa ulisimama kwenye megaomu 0.03.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini fundi alisema kwamba kijana hajapima kitu. Kipimo cha ganda huuliza, "Je, umeme wavuja kutoka kwenye waya kwenda kwenye ethi?" Lakini ethi ya vyumba vinne ilikuwa imekatika. Kama waya wa moto umechubuka na kugusa kiboksi cha chuma katika moja ya vyumba hivyo, kiboksi kile hakikuwa na njia ya kufika kwenye chombo. Chombo hakikusema uongo. Kiliulizwa habari za vyumba vinne, kikajibu za vyumba vinne. Sisi ndio tuliodhani kimejibu za vinane. Kwa sababu hiyo utaratibu wa mafundi ni huu: kwanza hakikisha waya wa ethi ni mzima mpaka mwisho, ndipo upime ganda, na ukitengeneza chochote, urudie vipimo vilivyotangulia, kwa kuwa huenda majibu yake si ya kweli tena.

Tuihesabu ile 0.03. Megaomu 0.03 ni omu 30,000. Volti 230 ukizigawa kwa 30,000 wapata ampea 0.0077, yaani karibu miliampea 8. Ni mkondo mdogo; hauwashi taa, haukati sakiti breka. Lakini mwanadamu huusikia umeme kuanzia miliampea 1 hivi, kwenye 10 misuli ya mkono huweza kujikaza asiweze kuachia, na kutoka 30 kwenda juu moyo wenyewe umo hatarini. Tena ule mchubuko ulikuwa haujapata maji ya lipu, wala masika.

Sasa ilibaki kuitafuta hitilafu. Vyumba vinne, kila kimoja na waya wake wa juu na waya wa kushuka kwenye swichi. Mtu asiye na utaratibu angalifungua kila kiboksi. Fundi aliigawa saketi katikati. Alifungua kiungo kati ya chumba cha sita na cha saba, akatenga nyaya, akapima upande wa mbele: mzuri. Basi hitilafu imo katika cha tano au cha sita. Akatenga kati ya hivyo viwili: cha tano kizuri. Ni cha sita. Vipimo viwili kwa vyumba vinne. Vingalikuwa vinane vingalitosha vipimo vitatu, na kumi na sita vinne. Wanafunzi wa hisabati wataona kwamba kila kipimo hupunguza mahali pa kutafuta kwa nusu.

Katika chumba cha sita alitoa waya kwenye kiboksi cha swichi. Tundu la kiboksi kile cha chuma, mahali waya unapoingia, halikutiwa pete ya mpira. Waya ulivutwa juu ya ukingo mkali, ganda likakatwa kama kwa kisu, na saruji mbichi iliyoshikilia kiboksi ilikuwa bado na unyevu. Mchubuko wenyewe haukuzidi upana wa ukucha wa kidole kidogo. Mzee wa lipu alikuja akautazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Nyuma ya ukuta ule ni bafu.

Kipande cha waya kutoka juu hadi kwenye swichi kikabadilishwa, ukingo ukapigwa tupa, pete ya mpira ikatiwa. Ethi ikapimwa tena, ganda likapimwa tena, safari hii mshale ulipokwenda mwisho wa kipimo ulikuwa na haki. Kabla ya kufungua nyaya fundi aliziacha kidogo, kisha akaunganisha ncha kwa kipande cha waya: nyaya ndefu huweka chaji baada ya kupimwa, nayo humpiga asiyejua. Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu. Lipu ilianza saa sita.

Vipimo vinavyofuata lipu nitavipitia kwa haraka, ila kimoja.

Ganda hupimwa tena ukuta ukisha kauka, kwa sababu mafundi seremala nao hupita na misumari yao. Ukipima lipu ingali mbichi na vifaa vimekwisha fungwa, namba hushuka kwa unyevu tu, yafaa kungoja. Vile vile yafaa kujua kwamba nyumba kubwa huonyesha namba ndogo kuliko nyumba ndogo, hata kama waya ni wa aina moja, maana kila mita ya waya huongeza vijinjia vyake vya kuvujia. Kisha huangaliwa kama kila swichi imekata waya wa moto na si nyutro. Swichi ikikata nyutro, taa itazimika vizuri kabisa, lakini holda itabaki na volti 230, na anayebadili globu akiamini amezima atapata habari.

Kile nisichotaka kukipita haraka ni kipimo cha soketi. Katika chumba cha kujisomea soketi zimefungwa kwa mtindo wa pete: waya watoka kwenye bodi, wapita soketi zote, kisha warudi kwenye bodi pale pale ulipotoka. Umeme hufika kila soketi kwa njia mbili, na kwa hiyo waya wa milimita mraba 2.5 huruhusiwa kulindwa na sakiti breka ya ampea 32. Sasa fikiri pete imekatika mahali pamoja. Soketi zote zafanya kazi. Hakuna anayejua. Lakini umeme uliokuwa ukigawanyika njia mbili huenda sasa ukapita karibu wote katika njia moja, na waya huo ndani ya paipu ukutani hubeba ampea 24 tu, tena katika joto kali hupungua zaidi. Sakiti breka inangoja 32. Waya unachemka polepole ndani ya ukuta, na mlinzi wake hana habari.

Dawa yake ni kupima pete kabla ya kuifunga kwenye bodi, kutoka ncha yake ya kwanza hadi ya pili: waya wa moto peke yake, nyutro peke yake, ethi peke yake. Kila mmoja uonyeshe ukinzani wa urefu wake. Ikiwa mmoja hauonyeshi kitu, pete imekatika. Na ikiwa mmoja waonyesha zaidi kuliko hesabu, mahali fulani kuna skrubu iliyolegea, na skrubu iliyolegea ni jiko dogo.

Umeme ukisha unganishwa, hubaki fimbo ya ethi na kinga ya mvujo, ile ambayo mafundi huiita RCD. Hapa wazazi wengi hukosea, basi nitafanya hesabu moja. Chukua fimbo iliyopimwa ikaonyesha omu 40, jambo la kawaida katika udongo mkavu. Waya wa moto ukigusa mwili wa jokofu na kutegemea fimbo hiyo peke yake, mkondo utakaopita hautazidi 230 ÷ 40, yaani ampea 5.75. Sakiti breka ya ampea 32 ya aina B yahitaji ampea 160 ili ijikate papo hapo. Kwa 5.75 haitajikata leo wala kesho. Jokofu litakaa na umeme, na mtoto atalifungua. Kwa hiyo nyumba inayotegemea fimbo haina budi kuwa na RCD, ambayo hupima tofauti kati ya umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata. Fundi huijaribu kwa chombo chake: kwa miliampea 15 isikate, kwa 30 ikate kabla ya sehemu 300 za elfu za sekunde, na kwa 150 kabla ya sehemu 40 za elfu. Kitufe kilichoandikwa T juu yake ni cha mwenye nyumba kubonyeza mara kwa mara. Lakini kitufe hicho hupima kinga yenyewe tu. Fimbo yaweza kuwa imeng'olewa na mchimba mtaro, nacho kikabonyezwa na RCD ikakata kama kawaida. Fimbo hupimwa kwa chombo chake na vijiti viwili vinavyochomekwa mbali ardhini, na heri kupimwa wakati wa kiangazi, udongo unapokuwa mbaya kuliko siku zote.

Namba zote za bweni letu zimeandikwa katika karatasi moja, saketi kwa saketi, pamoja na tarehe na sahihi ya fundi, nayo imebandikwa ndani ya mlango wa bodi. Mzazi anayejenga aombe karatasi kama hiyo kabla ya kulipa fedha ya mwisho. Akiambiwa, "Mzee, taa si zinawaka?", asome tena mwanzo wa makala hii.

Kidato cha Tatu wapate hesabu ifuatayo. Mita moja ya waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 ina ukinzani wa omu 0.0074. Pete ya soketi za chumba cha kujisomea ina urefu wa mita 54. (a) Waya wa moto ukipimwa ncha hadi ncha, chombo kionyeshe omu ngapi? (b) Tuseme nyutro, yenye urefu na unene ule ule, imeonyesha omu 1.9. Soketi ni kumi. Eleza utaanza kufungua soketi ipi, na kwa nini, na kwamba utahitaji kufungua ngapi kwa uchache. Majibu yaletwe maabara kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Vyombo vya fundi havitakuwapo, basi asiende mtu kujaribu bwenini.